«Umechelewa»: Historia ya njia ya mtoto mgonjwa kutoka kijijini mpaka kwa munganga

Kuna neno moja ambalo akina mama wa vijiji vyetu wamelisikia mara nyingi kupita kiasi. Mama anafika hospitalini na mtoto mgongoni. Mtoto ana homa kali, macho yameingia ndani, hana nguvu tena ya kunyonya. Munganga anamtazama mtoto, kisha anamtazama mama, anasema: «Umechelewa.» Pengine anaongeza: «Ninyi watu wa kijijini mnangoja mpaka mtoto anataka kufa, ndipo mnamleta.»

Neno hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mtoto amechelewa, ndiyo. Lakini ni nani aliyemchelewesha? Je, ni ujinga wa mama? Je, ni uvivu wake? Wahenga walisema: Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi mtu mwenye uchungu kuliko wote angewezaje kuwa mzembe kuliko wote? Lazima kuna jambo jingine. Ukitaka kulijua, usimwulize mama peke yake. Uliza pia historia ya njia aliyoipita.

Tuifuate njia hiyo pamoja, tangu siku za babu zetu mpaka leo. Tutaona kwamba vizuizi vilivyo mbele ya mama havikuota vyenyewe kama majani ya porini. Kila kimoja kina mwanzo wake, na vingi tunaweza kuvitajia mwaka.

I. Kabla ya dispanseri

Zamani mwenye dawa alikaa karibu. Mtoto akiugua usiku, bibi yake aliamshwa. Asipopata nafuu, asubuhi aliitwa mtu wa miti shamba, ambaye nyumba yake ilikuwa ng’ambo ya mto au nyuma ya kilima. Malipo yalikuwa kuku, chumvi au jembe, na mara nyingi sehemu kubwa ya malipo ilingoja mpaka mgonjwa apone. Mwenye dawa aliwajua watu wa nyumba ile, nao walimjua.

Lakini tusidanganyike. Siku zile hazikuwa siku za furaha kwa watoto. Ndui, surua, malaria na kuhara viliua watoto wengi sana. Dawa nyingine zilikuwa na nguvu kupita mwili wa mtoto mchanga, kama zile za kupitishwa nyuma kwa bomba. Mama mwenye watoto sita wazima alikuwa mara nyingi amezika wengine.

Hata hivyo tukumbuke mambo matatu ya wakati ule: ukaribu, malipo ya kungojeana, na kujuana. Ni mambo hayo matatu ambayo dawa mpya, pamoja na nguvu zake zote, ilikawia sana kuyapata.

Kando ya ziwa Tanganyika kulikuwa na mtu aliyeyafahamu mapema. Ni Adrien Atiman, kijana wa Afrika ya Magharibi aliyekamatwa na wauza watumwa katika utoto wake, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ng’ambo ya ziwa, katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Alikaa huko akitibu watu mpaka alipokufa mwaka 1956, yaani miaka 67. Alioa huko, akajifunza lugha ya watu, akachunguza miti yao. Watu hawakumwogopa, kwa maana hakuwa mpita njia.

II. Munganga aliyefuatana na askari

Huku kwetu Kongo mambo yalianza kwa namna nyingine. Mwanzo wa karne iliyopita ugonjwa wa malale ulikuwa ukimaliza vijiji. Mwaka 1903 Mfalme Leopold II alikaribisha waganga wa chuo cha Liverpool, Uingereza, waje kuuchunguza. Walipanda mto mpaka Stanleyville, wakaendelea mpaka Maniema. Njiani walionyesha pia kwamba kimputu, yule mdudu wa kitanda na nyufa za nyumba, ndiye anayeleta homa ile inayorudi-rudi. Mmoja wao, Joseph Everett Dutton, alishikwa na homa hiyohiyo, akafa Kasongo mwezi wa pili 1905, akiwa kijana bado. Tuheshimu kazi yao.

Lakini angalieni yaliyofuata. Serkali iliamuru wagonjwa wa malale watengwe katika makambi yaliyoitwa lazareti. Watu walikatazwa kusafiri bila karatasi ya munganga. Walipangwa mstari, wakashikwa shingo kutafuta uvimbe, na waliokutwa na ugonjwa walipelekwa mbali na ndugu zao. Dawa ya kwanza, Atoksili, iliponya wachache tu, na wengine iliwapofusha macho. Wengi walioingia lazareti hawakurudi.

Sasa fikiri wewe ni mama wa siku zile. Munganga anakuja na askari. Aliyechukuliwa na munganga harudi, au anarudi kipofu. Utamficha mtoto wako au utamtoa? Wengi walikimbilia porini, wakaitwa wajinga. Hawakuwa wajinga: walikuwa wamehesabu waliyoyaona.

Baadaye dawa zilikuwa nzuri zaidi, na makundi ya waganga yalianza kwenda kijiji kwa kijiji. Mwaka 1930 liliundwa shirika la FOREAMI, lililochukua jina la Malkia Elisabeth wa Ubelgiji. Likaanza kazi yake Kongo ya Chini. Mwaka ule wa 1930 wagonjwa wapya wa malale waliohesabiwa katika Kongo nzima walipita 30,000. Mwaka 1959 walikuwa kadiri 1,200 tu. Huo ni ushindi mkubwa. Siri yake ni nini? Dawa iliacha kungoja mjini, ikaenda ilipokuwa nyumba ya mgonjwa.

Lakini watu walikuja mstarini kwa sababu ya amri. Amri inaweza kuleta miguu, haileti moyo. Hofu ya zamani ilibaki imelala katika masimulizi ya mabibi, nayo huamka mara kwa mara, kama tutakavyoona.

III. Mizani, sabuni na maziwa ya mama

Mwaka 1912 ilianzishwa Ligi ya kulinda watoto weusi wa Kongo. Baada ya vita ya 1914-1918 kazi hiyo iliongezeka: Masista na mabibi wa Kizungu walifungua mahali pa kupimia watoto wachanga. Mama alikuja na mtoto wake, mtoto akatiwa katika mizani, uzito wake ukaandikwa katika fishi. Aliyekuja bila kukosa alipewa zawadi ya sabuni au nguo ya mtoto. Katika Katanga kampani ya migodi ilifanya vivyo hivyo kwa ajili ya wake wa wafanyakazi wake.

Kazi hii iliokoa watoto wengi. Lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilimfundisha mama kana kwamba hajui lolote. Tazama mfano wa kunyonyesha. Desturi ya mabibi zetu ilikuwa mama amnyonyeshe mtoto miaka miwili au mitatu, na katika muda huo asishike mimba nyingine. Wazungu wengi walilaumu desturi hiyo. Waliona kwamba inapunguza vizazi, nao walitaka watu waongezeke kwa ajili ya kazi. Basi walihimiza mtoto aachishwe mapema, alishwe uji na maziwa ya kopo.

Leo Shirika la Afya la Ulimwengu linafundisha nini? Linafundisha kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka 2 na zaidi. Tena linashauri nafasi kati ya mtoto na mtoto. Kumbe bibi alikuwa na haki! Mama aliyeambiwa na munganga wa jana aache jambo jema, na munganga wa leo anamwambia alirudie, mnashangaa kwamba anamsikiliza munganga kwa sikio moja tu?

IV. Bwaki

Watu wa Kivu wanalijua jina hili bila kufundishwa. Mtoto anavimba miguu na uso, ngozi inabambuka, nywele zinageuka rangi kama za mahindi, naye hataki tena kucheza. Watu wa Ga wa pwani ya Ghana wanaiita kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake na mdogo anayemfuata. Mwanamke munganga Cicely Williams aliuandika mwaka 1933 katika nchi hiyo, naye mwaka 1935 akaujulisha ulimwengu kwa jina lake la lugha ya Ga. Huku kwetu ni bwaki.

Baada ya vita ya 1939-1945 wataalamu waliuchunguza sana katika Kivu, Katana na Lwiro. Mwaka 1952 mabwana Brock na Autret walitoa kitabu juu ya kwashiorkor katika Afrika, baada ya kupita nchi nyingi, Kongo ikiwa mojawapo. Walionyesha kwamba mtoto anayekula muhogo au ndizi tupu, bila maharagwe, samaki, nyama wala maziwa, anashiba tumbo huku mwili unakosa cha kujijenga. Ndipo maziwa ya unga yakaanza kugawanywa.

Lakini bwaki haikutoka katika sufuria peke yake. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Kivu, CNKi, iliyogawia wakoloni mashamba makubwa. Milimani watu ni wengi tangu zamani. Ardhi ilipopungua, ng’ombe na maharagwe vilipungua pia, muhogo ukachukua nafasi, kwa maana unaota hata katika udongo uliochoka. Mama aliyefundishwa «mpe mtoto maziwa na mayai» alijua vema kwamba ni vizuri. Alikosa ng’ombe na kuku, hakukosa akili.

Kisha ilikuja shida ya matibabu yenyewe. Mtoto mwenye bwaki kali alipaswa kulala hospitalini majuma mengi, na mama pamoja naye. Ninyi mnaojua hospitali za nchi yetu mnajua kwamba mgonjwa hulindwa na ndugu yake, ndiye anayempikia na kumfulia. Basi mama akikaa hospitalini mwezi mzima, nani analima shamba lake? Nani anawapikia watoto wanne waliobaki nyumbani? Mama wengi waliondoka usiku kabla mtoto hajapona. Infirmieri aliandika katika daftari: «Ametoroka.» Hakuandika kwamba mtoto mwingine nyumbani alikuwa ameanza kuvimba.

Mwaka 1965 wananchi wa Bukavu wenyewe waliunda Kamati ya kupinga bwaki, Comité Anti-Bwaki. Walifahamu kwamba vita ya bwaki ni vita ya shamba, ya kisima na ya mfuko, si ya sindano tu. Na hospitali nazo zilijifunza, ingawa polepole. Mwaka 1996 mafundi wawili wa Ufaransa, Briend na Lescanne, walitengeneza chakula cha karanga, maziwa, mafuta na sukari, kisichohitaji kupikwa wala kutiwa maji. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubali kwamba watoto wengi wenye utapiamlo mkali, ikiwa wana hamu ya kula na hawana ugonjwa mwingine wa hatari, watibiwe nyumbani kwa chakula hicho, mama akija kituoni kila juma kupimisha mtoto. Kwa hiyo ule mwezi wa kulala hospitalini uliondolewa kwa wengi. Hapo ndipo mtu angeweza kuona kama akina mama walikuwa wavivu kweli: walikuja.

V. Mwaka 1960

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni kulijengwa hospitali na dispanseri nyingi. Mfuko wa Fonds du Bien-Être Indigène, uliowekwa mwaka 1947, ulitoa feza kwa ajili ya dispanseri, nyumba za uzazi na visima vya vijiji. Mapadri, Masista na misioni za Kiprotestanti walikuwa na hospitali nyingi katika sehemu za mbali. Hospitali za Kongo zilisifiwa sana.

Lakini nyumba hiyo nzuri ilikuwa na nguzo za kuazima. Tangu 1936 Léopoldville kulikuwa na shule ya kufundisha Wakongo kuwa wasaidizi wa waganga, watu hodari sana. Walakini hawakuruhusiwa kufika cheo cha munganga kamili. Tarehe 30 mwezi wa sita 1960, siku ya uhuru, hapakuwa hata na Mkongo mmoja mwenye diploma ya munganga wa chuo kikuu aliyekuwa kazini nchini. Waganga wageni walikuwa zaidi ya 700. Katika majuma machache ya ghasia wengi wao waliondoka. Kadiri wasaidizi 60 walitumwa Ufaransa kumaliza masomo, wakarudi waganga kamili. Wakati huo, katika dispanseri nyingi za mbali, infirmieri wa Kikongo alibaki peke yake, bila mshahara, na kabati la dawa likiisha siku kwa siku. Ni watu hao ambao historia imewasahau. Wengi walibaki kwenye kazi yao, nao waliokoa watoto kwa walichokuwa nacho.

VI. Kasongo: hesabu ya kilometa

Mwaka 1971, kule Kasongo, Maniema, waganga wa nchi yetu pamoja na wale wa chuo cha Antwerp walianza kazi ya kujibu swali moja: hospitali moja inawezaje kuhudumia watu walio mbali? Walichunguza daftari, wakaona jambo ambalo kila mama angewaambia bure: kadiri kijiji kilivyo mbali, ndivyo watu wake wanavyoonekana kidogo hospitalini. Si kwamba watu wa mbali hawaugui. Wanaugua na kufa bila kuandikwa.

Basi walitawanya vituo vya afya vijijini, kila kimoja na infirmieri aliyefundishwa vema, mwenye dawa chache za lazima, anayejua nani wa kumtibu na nani wa kumpeleka hospitalini. Matokeo yalikuwa mema kwa pande zote mbili. Watoto wenye magonjwa ya kawaida walipona karibu na nyumbani. Na wale waliohitaji hospitali kweli walifika, kwa maana mtu waliyemjua aliwaandikia karatasi na kuwaonyesha njia.

Kazi ya Kasongo na ya mahali pengine ilisaidia kuzaa mpango wa nchi nzima. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubali kuweka afya ya msingi karibu na watu. Katika miaka ya 1980 Serkali ya Zaire iligawanya nchi katika zoni za afya 306. Leo ziko 519. Kwa karatasi, kila kijiji kina zoni yake. Lakini karatasi haivuki mto. Palipo na kilometa 15 za matope, daraja lililoanguka na tipoyi yenye watu wanne wa kubeba, mama anahesabu kwanza: leo nitawapata wapi watu wanne? Siku hizi kuna pikipiki. Lakini bei ya pikipiki usiku wa mvua inaweza kupita bei ya dawa yenyewe.

VII. Bwamanda: hesabu ya feza

Wahenga walisema: Mgonjwa haulizwi uji. Lakini hospitalini anaulizwa feza, tena kabla ya kutazamwa. Mishahara ya Serkali ilipokufa katika miaka ya 1980 na 1990, vituo vingi viliishi kwa feza ya wagonjwa peke yake. Mtoto alitibiwa, akapona, kisha akashikwa pamoja na mama yake mpaka deni lilipwe. Mama aliyeona jirani yake ameshikwa hivyo majuma mawili atafikiri mara mbili mtoto wake atakaposhikwa na homa.

Kule Bwamanda, katika Ubangi, hospitali ya misioni ilijaribu njia nyingine mwaka 1986. Kila mtu wa nyumba alitoa feza kidogo mara moja kwa mwaka, kadiri ya bei ya kilo 2 za soya, nayo ilikusanywa wakati watu wameuza mavuno yao, si wakati wa njaa. Aliyelazwa hospitalini alilipa sehemu ya tano tu ya deni. Zilizobaki zililipwa na mfuko wa wote. Katika miaka michache zaidi ya nusu ya watu wa zoni walikuwa wameingia.

Tujifunze mambo mawili hapa. La kwanza: mlimaji si maskini kila mwezi. Ana feza wakati wa mavuno, lakini mtoto haugui kwa kufuata mavuno. Anayetaka kumsaidia apange malipo kwa kalenda ya shamba. La pili: wachunguzi waliporudi kutazama, waliona kwamba mfuko uliwasaidia zaidi watu wa karibu na hospitali. Wa mbali walikuwa wamelipa vilevile, lakini njia ilikuwa bado mbele yao. Ndiyo kusema: kizuizi kimoja kikiondolewa, kingine kinaonekana.

Mwaka 2023 Serkali ilianza mpango wa matibabu bure kwa kuzaa na kwa watoto wachanga, ukianzia Kinshasa. Ni neno jema. Litapimwa siku mama wa kijiji cha mbali atakapofika, asidaiwe chini ya meza.

VIII. Vita na hofu

Tarehe 6 mwezi wa kumi 1996 hospitali ya Lemera, katika milima ya Uvira, ilishambuliwa. Wagonjwa na wauguzi waliuawa vitandani. Ni hospitali ileile ambako Denis Mukwege alianza kazi mwaka 1983. Alikuja akiwa na nia ya kutibu watoto. Alipoona akina mama wanavyofika nusu wafu baada ya kutembea milimani kutafuta msaada wa kuzaa, aligeuza masomo yake ili awatibu wao. Kwa kweli huwezi kumtibu mtoto huku mama yake anakufa.

Vita viliyofuata viliua watu wengi sana. Hesabu yake inabishaniwa. Lakini wachunguzi waliouliza nyumba kwa nyumba juu ya vifo vya mwaka 2006 na 2007 waliona kwamba wengi hawakufa kwa risasi: walikufa kwa malaria, kuhara, vichomi na njaa. Watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa kadiri 19 katika kila watu 100, lakini katika kila vifo 100 vyao vilikuwa kadiri 47. Risasi ilifunga njia, na ugonjwa ukamaliza kazi.

Kisha, 2018 mpaka 2020, Ebola ilishika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ikaua zaidi ya watu 2,200. Wageni walikuja na magari mengi, feza nyingi, na tena askari. Hofu ile ya lazareti iliamka. Vituo vingine vilichomwa. Wakati huohuo surua ilikuwa inapita katika nchi nzima: tangu mwanzo wa 2019 mpaka mwanzo wa 2020 iliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo, ingawa chanjo yake inajulikana tangu miaka ya 1960. Watu waliuliza: «Mbona mnakimbilia ugonjwa mmoja, na huu unaotuua siku zote hamuuoni?» Swali hilo si la ujinga.

IX. Ndani ya nyumba

Tusitupe lawama zote nje. Kuna vizuizi vilivyo ndani ya nyumba zetu. Mahali pengi mama hawezi kumpeleka mtoto bila ruhusa ya baba, na baba yuko machimboni au sokoni. Mama ndiye anayelima, lakini feza ya mavuno inakaa mfukoni mwa mume. Bibi anasema tungoje siku tatu. Mjomba anasema ni uchawi, watafute kwanza aliyemroga. Siku tatu kwa mtoto mwenye malaria kali ni nyingi mno.

Na ninyi waganga na infirmieri, mjichunguze pia. Mama aliyetukanwa mara ya kwanza hatarudi mapema mara ya pili. Atangoja mpaka hofu ya kifo ipite hofu ya aibu, naye atakapofika, mtamwambia tena: «Umechelewa.»

X. Historia inatufundisha nini?

Wasomaji wapenzi, tumetembea njia ndefu. Tukusanye mavuno yake.

Kwanza, dawa ilipokwenda kijijini, watoto walipona. Ilipongoja mjini, walikufa njiani. Tangu mwaka 2005 kadiri kuna mpango wa kuwafundisha wanakijiji wenyewe, wale wanaoitwa reko, kutibu malaria, kuhara na vichomi vya watoto mahali palipo mbali na kituo. Kijiji kiwachague watu waaminifu, nacho kiwasaidie katika mashamba yao, kwa maana wanafanya kazi ya wote.

Pili, feza ikusanywe wakati wa mavuno. Mfuko wa kijiji au wa jumuiya, hata ukiwa mdogo, unaweza kulipa pikipiki usiku wa manane.

Tatu, baba atoe ruhusa kabla ya ugonjwa. Amwambie mke wake leo: «Mtoto akipata homa nami sipo, usiningoje. Nenda.» Na waanze kuweka akiba kidogo mikononi mwa mama.

Nne, heshima ni dawa isiyonunuliwa. Infirmieri anayemsalimia mama na kumwambia «Umefanya vema kuja» amefungua mlango kwa watoto kumi wa kijiji kile.

Kazi si bure. Hesabu za Serkali zinaonyesha kwamba mwaka 2007, katika watoto 1,000 waliozaliwa wazima, 148 walikufa kabla ya miaka 5. Katika hesabu ya 2013-2014 walikuwa 104. Mwishoni mwa 2024 chanjo ya malaria ilianza kutolewa katika Kongo ya Kati. Njia inafupishwa, ingawa polepole.

Basi, mama atakapofika kesho na mtoto mgongoni, miguu ina matope mpaka magoti, tusimwulize kwanza kwa nini amechelewa. Tumpokee mtoto. Kisha, mtoto akishatulia, tumwulize mama juu ya mto, juu ya daraja, juu ya feza na juu ya baba. Majibu yake tuyaandike, tuyapeleke kwa sultani, kwa mkubwa wa zoni na kwa wote wenye kuamua. Kwa maana yeye ndiye aliyeipima njia ile kwa miguu yake.